Neno la Mwanaidi katika Chumba cha Mashine

Siku niliyorudisha funguo za maabara, binti aliyezipokea, mmoja wenu ninyi wanafunzi mnaosaidia kufundisha kompyuta, aliniuliza kama ni kweli kwamba kompyuta za kwanza za chuo hiki zilizungushwa kwa mkono. Nikamjibu kwamba zile hazikuwa kompyuta, nikaenda zangu. Nilipofika nyumbani Utemini nikaona nimemjibu kwa mkato mtu aliyeuliza kwa heshima. Basi haya ndiyo majibu yaliyobaki. Mimi shule niliishia darasa la saba, mengine nikayaokota kazini, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichonifanya niamke mapema zaidi.

Nilitoka Ulemo nikiwa kijana, miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na ghala, na kila ghala liwe na mtu anayejua hesabu za magunia na kilo. Chuo hiki, nilikokuja kusomea kazi hiyo, kilikuwa na majengo matatu ya bati pembeni ya mji, upepo ukivuma ilibidi mwalimu anyamaze. Mkufunzi wa hesabu alikuwa Mwalimu Mpinga, Mnyiramba mwenzangu, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwa la utosi. Niliposoma nusu ya mafunzo akaniita akasema, "Wewe mkono wako ni mtulivu. Utasoma asubuhi, mchana utanisaidia kufundisha." Sikuuliza kwa nini mimi. Mpaka leo sina hakika kama hakukosea.

Mashine zilikuwa sita. Kila moja ilikuwa chuma kizito, ukubwa wake kama kichwa cha cherehani. Mbele ina vijino vya kusogeza kuweka tarakimu, ubavuni ina mpini. Ukizungusha mpini kwenda mbele mashine inajumlisha, ukizungusha kurudi nyuma inatoa. Kuzidisha ni kujumlisha mara nyingi: unataka mara saba, unazungusha mara saba. Chini kuna sanduku linaloteleza, ukitaka makumi unalisogeza hatua moja. Kidirisha kimoja kinaonyesha jibu, kingine kinaonyesha umezungusha mara ngapi. Na kugawanya ni kutoa, unatoa, unatoa, mpaka kengele ndogo iliyomo ndani inalia. Kengele ikilia maana yake umepitiliza. Hapo unarudisha mzunguko mmoja, ndipo unasogeza sanduku. Mtu akisahau kurudisha, jibu lote linakuwa uongo, na mashine haina habari.

Siku yangu ya kwanza kusaidia niliingia nikakuta wanafunzi kumi na wawili, na wote wamenizidi umri. Wakasimama kumpokea mwalimu. Mimi nikaanza kuwaamkia wazee, shikamoo mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia marahaba akiwa bado amesimama, kwa sababu mwalimu hajasema kaeni. Na mimi sikusema, nitawaambiaje wazee kaeni? Tukabaki tumesimama wote. Mwalimu Mpinga alichungulia dirishani akauliza, "Hapa kuna msiba?" Ndiyo wakakaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ambayo nawaachia ninyi: usishike mpini wa mwanafunzi. Ameganda, amekosea, anakutazama akiomba huruma, wewe weka mikono yako nyuma. Ukimshikia mara moja, umejifunza wewe. Leo mnasema kipanya badala ya mpini, lakini mikono ni ileile.

Sheria nyingine niliipata kwa njia mbaya. Mashine moja ilianza kulia kama mlango, mwanafunzi mmoja kwa wema wake akaitilia mafuta ya karanga aliyopewa na mkewe. Siku mbili ikawa laini, siku ya tatu ikaganda kabisa, na sisimizi wakahamia. Niliiosha na mafuta ya taa jino kwa jino, kisha Bwana Jivraj wa dukani mjini akanipa mafuta ya cherehani. Alinielekeza pa kutia tone moja, akaongeza, "Si mboga hii, bwana, usimwage."

Kwa kuwa mashine zilikuwa sita na watu kumi na wawili, Mwalimu Mpinga aliwakalisha wawili wawili. Mmoja anasoma swali na kutaja tarakimu, mwingine anaweka na kuzungusha. Huku kwetu kazi za shamba zimezoea mwendo huo, mmoja anatangulia kwa sauti na wengine wanaitikia kwa majembe, basi darasa zima likashika haraka. Ukipita nje ungesikia, "Tatu! Sifuri! Tisa! Zungusha! Imelia, rudi! Sogeza!" Mtu angedhani tunapura mtama.

Wawili walishinda wote. Mmoja alikuwa Mzee Elia, mkulima wa upande wa Ikungi, aliyejifunza kusoma ukubwani kwenye kisomo. Kusoma kwake kulikuwa kwa kidole na kwa jasho, lakini mkono wake ulisikia mashine kama anavyosikia ng'ombe. Mwenzake alikuwa Mwanaidi, mama wa watoto wawili kutoka kijiji kimoja si mbali na Mkiwa. Yeye alisoma swali mara moja na jibu analikadiria kabla mpini haujaanza kuzunguka. Mpini hakuupenda. Alisema umeundwa na mtu asiyejua kwamba wanawake wana kazi nyingine za mikono.

"Binti, umelala?" Mzee Elia angemwuliza.

"Nakusubiri wewe baba, uko mzunguko wa ngapi, wa jana?"

"Nitajie basi!"

"Mbili, tatu. Toa. Toa. Toa. Imelia. Rudi!"

Na mkono wa Mzee Elia ulirudi kabla neno halijakwisha.

Mwanaidi alikuwa na jambo moja zito, na sote tulilijua. Wanawake wa kijiji chake ndio waliomchagua mkutanoni awe mtunza ghala. Katibu wa kijiji alikuwa na mpwa wake aliyemtaka kwa kazi hiyo. Mkutano ukaamua hivi: Mwanaidi aende chuo, akirudi na cheti kabla ya mavuno ghala ni lake, akirudi bila cheti atapewa mpwa. Mwanaidi aliacha mtoto wa pili akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Aliniambia siku moja tukikung'uta vumbi, "Mdogo wangu, nikishindwa hawatasema Mwanaidi ameshindwa. Watasema si tuliwaambia wanawake."

Zikiwa zimebaki wiki chache ikaja habari kutoka Dodoma kwamba mtihani utakuwa wa mtu mmoja mmoja. Kila mtu mashine yake, kimya, na mtahini atakuja mwenyewe kutazama mikono. Mwalimu Mpinga alivua koti siku hiyo. Sikuwahi kumwona bila koti. Alisema, "Tumefuga ng'ombe wa jozi, sasa wanataka kila mmoja avute jembe lake."

Sikumlaumu kwa zile jozi wakati ule na simlaumu sasa. Mashine sita ni mashine sita. Tuliwabadilisha viti, wasomaji wakashika mipini, wazungushaji wakasoma. Kwa siku nyingi chumba kile kilikuwa kigumu kukaa. Mzee Elia alisoma swali akafika mwisho akasahau mwanzo. Mwanaidi alizungusha kwa hasira na kengele ilipolia alisema "Rudi!" kisha akakaa anangoja, mpaka akumbuke kwamba anayeambiwa ni yeye. Tulicheka mara ya kwanza. Mara ya kumi hakuna aliyecheka. Nilimwambia, "Dada, funga mdomo, acha mkono uone kazi." Akasema, "Msaidizi, mdomo wangu ndiyo mkono wangu. Lakini nitajaribu." Na kweli alijaribu, siku za mwisho alikuwa ananyamaza mara nne katika tano. Ile ya tano ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mtahini alifika asubuhi, mtu mnene mpole, akaitikia salamu za kila mtu. Alitusomea kanuni mbili, polepole, kwa Kiswahili chepesi. Anayepokea msaada mtihani wake unafutwa. Anayesema neno lolote anatoka, atarudi kufanya na kundi la mafunzo yanayofuata. Akauliza, "Kuna asiyeelewa?" Hakuna. Nataka hilo likumbukwe, alieleza vizuri.

Mkufunzi wa somo hakuruhusiwa kuingia. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma, kwa sababu mashine zilikuwa na tabia ya kukwama na mtahini hakutaka kushika mafuta. Watu sita wakaingia kwanza, kwa kura. Mwanaidi akapata mashine ya dirishani. Mzee Elia akapata ya upande wa pili, ukutani, wamepeana mgongo. Nilipoona hivyo moyo ulitulia kidogo. Nilidhani mbali ni mbali.

Mngesikia chumba chenye mashine sita zinazungushwa na hakuna anayetaja tarakimu. Ni mlio wa meno tu, kama panzi wengi kwenye mabua. Kengele moja ikalia, watu watano wakashtuka, wa sita akarudisha mpini. Jasho lilinitoka kana kwamba nazungusha mimi. Mikono niliikalia.

Mwanaidi alikuwa kwenye swali la kugawanya: debe elfu moja mia moja tisini na sita kwa kaya ishirini na tatu. Nilimwona mabega. Akatoa mara tano vizuri. Akatoa ya sita, kengele ikalia, na kabla sijameza mate sauti yake ikajaza chumba:

"Rudi!"

Na kule ukutani mkono wa Mzee Elia ukarudi nyuma mzunguko mmoja.

Mtahini aliinua kichwa. Watu wote wakaacha mipini, isipokuwa Mzee Elia. Yeye aliendelea. Akasogeza sanduku lake, akazungusha mara nne, akaandika jibu, akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza shamba lake. Kwake hakuna kilichotokea. Nadhani hata hakusikia kwa masikio, alisikia kwa mkono.

"Nani amesema?" mtahini akauliza.

Mwanaidi alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili, macho yametoka. Mtahini alikuwa mbele akiandika, hakuona mdomo wa mtu. Lakini akasema, "Mkono wa yule mzee nimeuona kwa macho yangu. Neno limesemwa, mkono umerudi. Hapa watu wanapeana ishara. Msaidizi, wewe ulikuwa nyuma, unawaona wote. Nani amesema?"

Nimelifikiria swali hilo miaka mingi kuliko nilivyofikiria kuoa. Wanawake wawili tu walikuwa chumbani, na yule mwingine alikuwa na mafua, sauti imekauka, ila mtahini hakulijua hilo. Kwa hiyo nisingeweza kusema sijui bila kumtupia mwenzake nusu ya kosa. Nikisema Mwanaidi, ghala ni la mpwa wa katibu. Nikinyamaza, mtahini anafuta mtihani wa wote wawili kwa ishara ambayo haikuwepo, na labda wa chumba kizima. Naandika hivi kana kwamba niliyapanga kichwani. Sikuyapanga. Niliogopa tu, na nilikuwa nimefundishwa nyumbani kwamba mtu mzima akiuliza hajibiwi na ukuta.

Nikasema, "Sauti ni ya dada Mwanaidi, mzee. Lakini naomba kabla hujafuta, tazama mashine ya Mzee Elia."

"Nitazame nini?"

"Kidirisha cha mizunguko."

Alikwenda. Swali la Mzee Elia lilikuwa magunia arobaini na saba, kila moja kilo tisini na mbili. Alitakiwa kuzungusha saba, asogeze sanduku, azungushe nne. Kidirisha kilionyesha arobaini na sita. Mtahini alikokotoa kwenye karatasi yake, akatazama alichoandika mzee, akakokotoa tena. Alizijua hesabu zile, hakuhitaji mimi nimweleze.

"Mzee," akasema, "hapa pamepungua kilo tisini na mbili. Gunia zima."

Mzee Elia akainama kwenye kidirisha, kidole kikafuata tarakimu. "Nilizungusha saba," akasema. "Saba nilizihesabu."

"Ulipofika saba ukarudi moja."

"Nirudi kwa nini? Kengele ya kwangu haikulia."

Ndipo akageuka kumtazama Mwanaidi, na nikaona ameelewa. Uso wake sitauelezea, sijui maneno yake.

Mwanaidi akasimama. "Mheshimiwa, huyu baba hajapewa kitu. Neno lilikuwa langu, mwenyewe najiambia. Yeye mkono wake umezoea sauti yangu tu. Gunia lake nimelipoteza mimi."

"Basi nifute mimi!" Mzee Elia akasema. "Mkono uliorudi ni wangu. Huyu binti ana watu wanaomngoja."

"Baba, kaa chini."

"Sikai! Mwalimu mdogo, mwambie!"

Mwalimu mdogo ndiye mimi. Mtahini alipangusa uso kwa leso, kisha akasema bila ukali, "Msaada haukutolewa, hilo nimeliona kwenye mashine. Kwa hiyo sifuti mtihani wa mtu. Mzee atapewa swali jingine, peke yake, wengine wakimaliza. Lakini aliyesema neno anatoka. Kanuni hiyo nimeisoma asubuhi hapa, mkasema mmeelewa. Nikiiacha kwa huyu, nitawajibu nini wale niliowatoa mtihanini kule Manyoni?"

Nilimwomba. Nisije nikajifanya nilikaa kimya. Nilisema, "Mzee, huyu ndiye bora kuliko wote, mashine ikiwa kimya au ikiwa na sauti." Akasema, "Naamini. Atarudi na kundi linalofuata atafaulu." Nikasema, "Hilo kundi ni baada ya mavuno, ghala halitangoja." Hapo alinitazama kama anayetaka kuuliza, kisha akaacha. Labda aliona akiuliza atalazimika kujua.

Mwanaidi alirudisha vijino vyote kwenye sifuri kwanza, kama tulivyowafundisha kabla ya kuondoka kwenye mashine, akatoka.

Mzee Elia alirudia baadaye, mtahini mbele yake na mimi nyuma. Akapewa la kugawanya. Alilisoma kwa kidole, midomo ikicheza, nami nikadhani jioni itatukuta. Akaweka tarakimu. Akatoa, akatoa, akatoa. Kengele ikalia na mkono ukasimama. Ulisimama muda mrefu, na mimi nyuma yake kichwa changu kinapiga kelele. Kisha akarudisha mzunguko mmoja, taratibu, akasogeza sanduku. Jibu lilikuwa sawa. Alipata cheti, nacho hakutaka kukipokea mpaka Mwanaidi mwenyewe alipokuja kumwambia bwenini, "Chukua, baba. Tukikosa wote wawili nani atafurahi?"

Ghala la kijiji kile akapewa mpwa wa katibu. Kwa haki lazima niseme alilitunza vizuri, sikuwahi kusikia gunia lililopotea. Hilo halikunipunguzia kitu. Mwanaidi alirudi na kundi lililofuata, wanawake wenzake walichanga nauli, akafanya mtihani bila neno na akashinda wote, lakini kule kijijini kazi ya kuirudia haikuwepo. Mwalimu Mpinga akamwomba abaki tuwe wasaidizi wawili. Kuanzia hapo kila somo tuliligawa katikati: nusu ya kwanza unasoma, nusu ya pili unashika mpini, apende asipende. Nanyi fanyeni hivyo kompyuta zikiwa chache. Anayetazama tu kwenye kiti cha pembeni huwa anajiona anajua.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, mashine za mkono zikaenda stoo, zikaja za umeme. Watu walioisikia habari ile walinigawanyikia. Wengine wakasema ningesema sikusikia. Wengine wakasema nilifanya sawa, nao hawakunisaidia zaidi. Mara moja tu nilimwuliza mwenyewe, siku tunafungua mashine moja mpya iliyogoma.

"Dada, siku ile. Nilikutendea haki?"

Aliendelea kufungua skrubu, akaiweka kwenye kifuniko isipotee.

"Ulisema ulichosikia," akasema. "Na mimi ndiye niliyesema. Haya sogea, unanizibia mwanga."